Mjomba wa Kununua

Kwenye fomu ya bima ndogo ya pikipiki kuna mstari ambao vijana wa Masasi hawaupendi: "Matumizi ya chombo." Nikifika hapo huwa nainua kalamu, nasubiri. Kijana aliyekuja wiki iliyopita alikuwa amefunga hotpoti tatu kwa mpira nyuma ya Boxer yake, na kwenye usukani kumening'inia mfuko wa chipsi uliolowa mafuta. Nikamuuliza pikipiki inafanya kazi gani.

"Binafsi, mama."

"Na hizo hotpoti, mwanangu?"

Akacheka. "Hizi za mama lishe pale Mkuti, nawapelekea mafundi wa barabara. Nikishazishusha, nakuwa binafsi."

Semina zote za bima nilizokaa hazijawahi kulieleza jambo hili vizuri kama alivyolieleza yeye. Bima ya binafsi ni nafuu, ya biashara ina bei. Yeye asubuhi anakwenda sokoni kununua mboga za nyumbani kwake, mchana anapeleka wali, jioni anabeba abiria, usiku anapeleka chipsi mayai. Chombo ni kilekile, mtu ni yuleyule, na fomu inataka neno moja.

Mimi ni wakala wa bima hapa mjini tangu mwaka 2001. Vijiweni wananiita Mama Stika, ingawa stika yenyewe siku hizi ni namba tu ambayo trafiki anaitazama kwenye simu. Mstari ule nimeujaza mara nyingi mno, na kwa miaka kadhaa niliujaza vibaya huku najua. Nitafika huko. Kwanza nirudi nyuma, maana swali la nani alipe mzigo ukimwagika halikuanzia kwenye fomu, na huku kwetu lilishapata jibu kabla gari halijafika.

Nilizaliwa Newala. Asiyepajua apafikirie hivi: mji uko ukingoni mwa uwanda wa Makonde, na ukisimama pale Shimo la Mungu ardhi inakatika miguuni, macho yanateremka mpaka bonde la Ruvuma na kuvuka hadi Msumbiji. Huko chini kuna maji. Huku juu mchanga unameza mvua, mto hakuna. Karl Weule, Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig aliyekaa Newala mwaka 1906, alijiuliza sana kwa nini watu wajenge juu wakati maji yako chini. Angemuuliza bibi yangu angejibiwa upesi: chini kuna mbu, na zamani kulikuwa na Wangoni. Mwaka 1882 waliivamia Masasi, iliyokuwa misheni changa ya watu walioachwa huru kutoka utumwani, wakaichoma na kuchukua mateka. Mtu akishaona hayo, maji ya mbali anayaona nafuu.

Basi bibi alikuwa anaondoka jogoo wa kwanza, mtungi kichwani, anashuka mteremko, anapanda, na akifika jua limeshakuwa kali. Mtungi mmoja ulikuwa kazi ya nusu siku. Siku moja, nikiwa mdogo wa kushika ncha ya kanga yake, kijana aliyebeba kuni alikuja mbio kwenye kona akatupitia. Bibi akakaa chini. Mtungi ukavunjika, maji yakanywewa na mchanga, na nakumbuka watu waliokusanyika hawakumuuliza yule kijana chochote. Hata baba yake hakutajwa. Waliuliza, "Mjomba wake nani?"

Jioni mjomba mtu akaja. Alikuja na mtungi mpya, kuku mmoja, na mpwa wake nyuma akiwa ameinamisha kichwa. Wakaketi, wakaongea mambo ya mvua kwanza. Kesho yake kijana alitumwa bondeni kumchotea bibi maji, na kesho kutwa tena. Shauri likaisha.

Wamakonde, Wayao na Wamakua tunahesabu ukoo kwa mama. Mtoto ni wa wajomba zake. Wao ndio wanaosimama akioa, akishitakiwa, akivunja cha mtu. Baba yupo na anapendwa, lakini kwenye shauri anakaa pembeni kama mgeni mwenye heshima. Nilipokuja kusomea bima Mtwara nikaambiwa kwamba ni mpango wa wengi kuchangia hasara ya mmoja, sikuona kigeni. Nilichokiona kigeni ni kwamba unalipa kwanza, halafu ndipo unakuwa na mjomba.

Neno lenyewe nalo limesafiri. Waajemi wana neno bim, maana yake hofu. Likaingia India likawa bima, na wafanyabiashara wa Kihindi wa pwani ndio waliokuwa nalo kwenye vitabu vyao vya hesabu hapa kwetu. Sisi tukalichukua bila kuuliza. Kwa hiyo kila kijana anayeniambia "nikatie bima" ananiambia, bila kujua, nikatie kipande cha hofu. Huwa nalifikiria hilo nikipigia mhuri.

Lakini mjomba alikuwa na mpaka. Aliwalipia walio wake, na aliyedhurika alijua pa kumpata. Mpita njia hana mjomba. Na huku kusini kumepitwa na wabeba chakula wengi wasiokuwa na mtu wa kuulizwa. Masasi ilizaliwa na safari: mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule aliyeandika vitabu vya Kiswahili, aliongoza msafara wa watu walioachwa huru kutoka Zanzibar kupitia Lindi, na watu hao wakaishia hapa chini ya milima ya mawe. Wapagazi walibeba vyombo, nguo na chakula cha safari. Aliyeanguka njiani alibaki njiani.

Halafu vikaja vita vya kwanza vya dunia. Mwaka 1916 Wareno walivuka Ruvuma wakaishika Newala. Kabla mwaka haujaisha Wajerumani wakawatimua. Novemba 1917 von Lettow-Vorbeck akavuka mto kwenda upande wa Wareno, Waingereza wakamfuata. Katika kwenda na kurudi huko majeshi yote matatu yalikula chakula kilichobebwa kwa vichwa: mtama, mahindi, unga, mchele. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wabebaji cha Waingereza. Walikufa kwa njaa na kuhara huku wamebeba chakula, jambo ambalo mpaka leo nikilisema linanikwama kooni. Wengi hawakuandikwa majina yao sawasawa, na asiyeandikwa hana wa kumdaia. Wajomba waliobaki vijijini hawakujua waende kuuliza wapi.

Gari lilipokuja, likaja na sheria yake. Uingereza ilikuwa imeona kwamba mtu anagongwa, anashinda kesi, halafu anakuta dereva hana hata shilingi. Mwaka 1930 wakatunga sheria kwamba hakuna gari barabarani bila bima ya kumlipa aliyegongwa. Tanganyika ikafuatishiwa, na sheria hiyo ya enzi za Mwingereza bado tunayo vitabuni, Sura ya 169. Nikiwafundisha vijana ninawahesabia kwa vidole. Mtu wa kwanza ni wewe uliyenunua bima. Wa pili ni kampuni. Wa tatu ni yule mama anayevuka barabara na ndoo yake. Bima ndogo ni ya huyo wa tatu. Ndiyo maana inalazimishwa: serikali haikuwa na haja na pikipiki yako, ilikuwa na haja na yule mama.

Vijana wakisikia hivyo wanaguna. Na wana haki ya kuguna, kwa sababu katika fidia hiyo ya mtu wa tatu wali haumo, na aliyeubeba wali hayumo.

Hilo nililijua nyumbani kabla ya kulisoma. Waingereza walipoleta mradi wao wa karanga Nachingwea mwaka 1947 walijenga reli kutoka Mtwara. Karanga zilishindwa, mradi ukafungwa mwaka 1951, na reli yenyewe ikafungwa na kung'olewa mapema miaka ya 1960. Mzigo wote wa kusini ukahamia kwenye malori. Baba yangu alikuwa utingo wa lori la kubeba korosho kwenda bandarini Mtwara, na likirudi, linarudi na chakula. Mwaka ule wa njaa, 1974, lilikuwa linarudi na unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano kutoka nje ambao wakubwa wangu wanaukumbuka kwa kukunja pua. Mvua imenyesha, lori linapanda kutoka upande wa Masasi, likateleza likalala ubavu. Liliangukia uzio wa mzee mmoja na mbuzi wake wawili. Ubao wa nyuma ukamkata baba vidole viwili.

Fikirieni njaa ile, na magunia yamepasuka barabarani. Watu walikuja na ungo, na vikapu, wengine na kanga tu. Mama alisema hajawahi kuona barabara ikifagiwa vizuri kama siku ile.

Hasara ililipwaje? Lori lilikuwa na bima, likatengenezwa. Yule mzee alikuwa mtu wa tatu. Alizungushwa sana, mwisho akapata pesa za mbuzi. Unga uliandikwa umepotea. Baba alipata fidia ya vidole, kwa sababu alikuwa mwajiriwa na ilikuwapo sheria ya fidia kwa wafanyakazi. Neno "mwajiriwa" liwekeni akiba, nitalirudia. Pesa ile akanunua baiskeli ya Phoenix, akaacha malori. Akawa anauza maji. Wafini walikuwa wameanza miradi yao ya maji mikoa ya kusini, mabomba mengine yanatoa, mengine hayatoi, na palipo na bomba linalokohoa pana biashara ya madumu. Baba alifunga madumu manne kwa mipira ya tairi, anasukuma kuliko anavyopanda. Siku dumu lilipopasuka ilikuwa hasara yake peke yake. Mjomba wake tulikuwa hatuko naye tena jirani. Operesheni Vijiji ilikuwa imempeleka kijiji kingine, mwendo wa siku nzima kwa miguu. Wataalamu wakieleza kwa nini korosho zilianguka kutoka tani zaidi ya 140,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi chini ya 20,000 katikati ya miaka ya 1980, hutaja watu kuhamishwa mbali na mikorosho yao. Wanasema kweli. Mimi naongeza kwamba tulihamishwa mbali na wajomba pia, na hilo halina takwimu.

Nilizaliwa mwaka wa Azimio la Arusha, 1967, mwaka uleule bima ilipotaifishwa. Shirika la Bima la Taifa lilikuwa limeundwa mwaka 1963. Sasa likaachiwa kazi yote ya bima nchini, na ikawa hivyo karibu miaka thelathini. Nilipoanza ukarani Mtwara mwaka 1989 ndiyo bima pekee tuliyoijua. Vyeti tulivipiga taipu na karatasi ya kaboni katikati, ukikosea herufi unaanza upya. Faili zilikuwa za magari ya serikali, ya vyama vya ushirika, ya misheni za Mtandi na Ndanda, na ya wafanyabiashara wachache. Pikipiki za Newala ningeweza kuzihesabu kwa majina ya wenyewe: bwana shamba, padri, mratibu wa elimu, muuguzi wa chanjo. Mstari wa matumizi haukuwa na ubishi. Nani angekodi pikipiki ya padri abebe maandazi?

Mwaka 1996 sheria mpya ikafungua mlango kwa kampuni binafsi. Rais alikuwa Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, hapa hapa Masasi, kwa hiyo sisi tuliokuwa kwenye bima tulitaniwa sana kwamba kijana wetu katuuza. Mwaka 2009 ikaja sheria nyingine iliyounda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Mimi katikati ya hapo nilishaacha ukarani, nikapanga chumba kimoja hapa mjini, nikaweka meza, viti viwili na mhuri.

Miaka ya kwanza nilikaa naangalia barabara. Kilichonipa kazi ni korosho. Agosti 2003 daraja la Rufiji likafunguliwa, likapewa jina la huyo huyo kijana wetu, na kile kivuko cha Ndundu kilichokuwa kinatulaza njiani kikawa hadithi. Bidhaa za Dar zikashuka. Mwaka 2007 ukaanza mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka korosho chama cha msingi, zinakaa ghalani, zinauzwa kwa mnada. Mfumo una lawama zake, na siku ukitaka tuzungumze kangomba, ule ununuzi wa korosho nje ya mfumo, tutakesha. Lakini pesa ilianza kuja kwa mkupuo. Msimu wa 2016/17 kilo ilifika shilingi 4,000, na mwaka uliofuata nchi ikavuna zaidi ya tani 313,000. Mambo yalikuwa hivi: Novemba kijana kauza korosho, Desemba ana pikipiki. Toyo, SanLG, Fekon, baadaye Boxer na TVS. Wengine walinunua mbili, moja ya kuendesha, nyingine ya kumpa mwenzake kwa hesabu ya kila siku.

Serikali ilikuwa imeshaziona. Mwaka 2010 zilitoka kanuni za leseni za pikipiki na bajaji, bodaboda ikawa kazi inayotambuliwa kisheria, na mstari wangu wa matumizi ukapata uzito. Chombo cha kubeba mtu au mzigo kwa malipo ni cha biashara. Namba yake ya nyuma ni nyeupe, ya binafsi ni ya njano. Rahisi. Kila mtu aliielewa kwa abiria.

Kwa chakula haikueleweka, kwa sababu chakula kilipanda pikipiki kimyakimya. Kilianza hospitali. Mgonjwa amelazwa Mkomaindo, ndugu yuko kijijini, anampa bodaboda hotpoti: "Mpelekee dada yako, wodi ya pili." Hiyo ni biashara au ni undugu? Kijana alipewa pesa ya mafuta na kikombe cha uji. Kisha wakaja makarani wa maghala, wanaopima korosho hadi usiku msimu ukiwa juu na hawawezi kuacha mizani. Halafu wauza duka wasiotaka kufunga mchana. M-Pesa ilipozoeleka, chipsi ya saa tatu usiku ikawa inalipiwa kabla haijakaangwa. Asubuhi ming'oko iliyochemshwa inaletwa mjini kwenye ndoo kutoka vijijini, mchana wali na maharage unatoka mjini kwenda kwenye mitambo ya barabara. Hakuna kampuni, hakuna programu ya simu. Ni namba ya kijana iliyoandikwa kwa chaki ukutani kwa mama lishe. Dar es Salaam walikuwa na Jumia, ikafunga shughuli zake nchini Novemba 2019, na wengine wakaendelea. Masasi hatukuona ikija wala ikiondoka. Sisi tulikuwa na chaki.

Sasa nifikie kosa langu.

Mwaka 2017, mwezi wa Ramadhani, kijana mmoja alichukua futari ya watu kumi na mmoja kutoka kwa mama lishe, akaahidi kuifikisha kabla ya adhana. Tambi, mihogo ya nazi, uji. Jua linazama, anakimbizana na muda, mzee mmoja akavuka barabara naye anawahi msikiti. Mzee akavunjika mguu. Kijana akateguka bega. Uji ukatapakaa kwenye lami, nao watu kumi na mmoja walifungua kwa maji.

Bima yake nilimkatia mimi. Kwenye mstari wa matumizi nilikuwa nimeandika "binafsi", kwa sababu aliniomba, kwa sababu pesa yake ilikuwa haitoshi, na kwa sababu kila wakala alikuwa anafanya hivyo. Hizo sababu tatu nimezipanga vizuri leo; siku ile sikuwa na hata moja ya kumwambia mtu. Kule polisi kijana alieleza kwa uaminifu kabisa: "Nilikuwa napeleka oda." Maneno matatu. Kampuni, ambayo sitaitaja, ikayachukua maneno hayo matatu ikayaweka kando ya neno langu moja. Wakasema chombo kilikuwa kwenye matumizi yasiyokatiwa bima. Barua zikaenda, zikarudi. Ningewaambia ndugu wa mzee waende mahakamani wakadai, lakini wenye mgonjwa ndani wana pesa ya wakili? Pikipiki ikalala kituoni wiki kadhaa. Kijana alitibiwa bega kwa PF3, ile fomu ya polisi, na pesa ya mkopo. Mama lishe akawarudishia wateja pesa zao.

Na fidia kwa wafanyakazi, ile iliyomlipa baba yangu vidole? Siku hizi kuna mfuko wake, WCF, chini ya sheria ya 2008. Ila ni wa mwajiriwa. Kijana huyu hakuwa mwajiriwa wa mama lishe, wala wa mwenye pikipiki aliyekuwa anapokea hesabu. Alikuwa "binafsi", kama nilivyoandika.

Siku ya tano mjomba wake akatoka Newala kwa basi. Mtu mfupi, koti la kijivu, mfuko wa plastiki mkononi. Hospitali alishapita, amekaa na mzee na wanawe, amelipa gharama za siku hizo na kuahidi zilizobaki akiuza korosho. Halafu akauliza njia ya ofisini kwangu. Nikasimama, "Shikamoo." Akaitikia, akaketi, akaniuliza habari za mvua. Nikajua tunakokwenda. Mwisho akasema, bila kupandisha sauti, "Wewe ndiye uliyemwandikia?"

"Ni mimi, baba."

"Haya." Akafungua mfuko, akanipa korosho za kukaanga, akaaga.

Ningependelea angenitukana.

Tangu siku hiyo naandika biashara. Wateja kadhaa wamenihama, wakaenda kwa wenye kalamu laini. Sioni ajabu, tofauti ya bei kwa mtu anayepata pesa ya mafuta na kidogo ya nyumbani ni kubwa. Na nawaambia ukweli kwamba hata nikiandika sawasawa, bima ndogo itamlinda mzee wa kuvuka barabara tu. Bega lao linataka bima ya ajali ya mtu binafsi. Futari inataka bima ya mizigo safarini. Zote mbili zipo sokoni, ila nilizoziona zimeandikwa kwa mtu mwenye makontena; sijamwona aliyekaa kuziandika kwa mtu mwenye hotpoti tatu. London wamejaribu: kampuni iitwayo Zego ilianza mwaka 2016 kuwauzia wapeleka chakula bima ya saa wanazofanya kazi tu, ukishusha mzigo unarudi kuwa binafsi. Nilipolisoma hilo nilicheka. Ni fikra ileile ya kijana wangu wa Mkuti. Yeye kaifikia peke yake, akiwa amekaa juu ya Boxer.

Kilichobaki kujaza pengo ni kijiwe. Vijiwe vingi vya hapa vina mwenyekiti, mweka hazina na daftari. Kila siku ya kazi mwanachama anaweka kitu kidogo. Akianguka mmoja, mwenyekiti na wenzake wawili wanakwenda hospitali, wengine wanakwenda kwa aliyegongwa, wanaketi, wanaongea ya mvua kwanza. Nimewahi kuonyeshwa daftari moja: matairi, PF3, sanda, "mchele wa mteja kilo 4 umemwagika". Hilo la mchele lilinifanya niketi. Hakuna fomu yoyote niliyowahi kuijaza iliyokuwa na nafasi ya mchele wa mteja.

Kampuni za bima zina watu wa kubuni bima mpya, na watu hao wanakaa Dar es Salaam. Waje Masasi siku mbili, wakae kijiweni, wasome madaftari. Watakuta mle hesabu ya miaka, nani anaanguka, wapi, mwezi gani, akiwa amebeba nini. Sitawadai chochote kwa kuwaelekeza.

Yule kijana wa hotpoti alibishana nami nusu saa, chipsi zikapoa. Nikaandika "biashara: abiria na mizigo kwa malipo". Alilipa nusu, jioni akaleta iliyobaki. Tangu 2017 nina daftari langu mwenyewe mezani, nalo lina safu ya nani apigiwe simu likitokea jambo. Akanitajia namba mbili, ya mwenyekiti wa kijiwe na ya mjomba wake Newala. Bima yake inaisha mwezi wa kumi na moja, minada ikiwa imeanza.